Mgeni wa Usiku Mmoja

Msomaji, karibu kila shule ya sekondari katika nchi yetu hufunga safari moja au mbili kwa mwaka kwenda kutazama mahali penye sifa. Basi hukodiwa, michango hukusanywa, mikate hununuliwa, na majina huandikwa daftarini. Mambo hayo ni ya lazima wala siyadharau. Lakini nina ugomvi na safari hizi, na ugomvi wangu si mdogo. Nasema kwamba nyingi katika hizo hupangwa kama shehena ya viazi ipangwavyo: magunia mangapi, kwa bei gani, yatafika saa ngapi, yatarudi saa ngapi. Kilichomo ndani ya gunia hakiulizwi. Kijana huondoka na macho yake na kurudi na macho yake, na baina ya kuondoka na kurudi akili yake haikupewa kazi yoyote.

Nimekusudia kuonyesha kwamba ziara haianzi asubuhi ile basi linapowashwa. Huanza siku swali la kwanza linapoulizwa. Na kwa kuwa hoja isiyo na mfano ni mshale usio na ncha, nitachukua mfano wa mahali pamoja panapojulikana duniani kote, nami napajua kwa aibu yangu mwenyewe. Mahali hapo ni Treetops, katika msitu wa milima ya Nyandarua, karibu na mji wa Nyeri.

Kwa asiyepajua nitaeleza kwa ufupi. Mwaka 1932 Mwingereza mmoja, jina lake Eric Sherbrooke Walker, aliyekuwa na hoteli iitwayo Outspan mjini Nyeri, alijenga pamoja na mkewe Bettie kibanda cha mbao juu ya mti wa mugumo ndani ya msitu. Kilikuwa na vyumba viwili tu. Karibu na mti palikuwa na bwawa, na kando ya bwawa udongo wenye chumvi ambao wanyama huupenda. Wageni walipelekwa hadi ndani ya msitu, wakatembea kwa miguu nyuma ya mtu mwenye bunduki, wakapanda ngazi, wakaketi. Usiku walitazama tembo, nyati, vifaru na nguruwe wa msituni wakija kunywa maji na kulamba chumvi. Hapakuwa na anasa. Walilipa fedha zao ili wanyamaze na kukesha. Watu wa mbali waliochoshwa na makelele ya miji yao walipaona kuwa kimbilio, na sifa za kibanda zikaenea.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 alilala pale Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, pamoja na mumewe. Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa simbamarara na chui walao watu katika Bara Hindi, ambaye alikuwa akiishi uzeeni mwake hapo Nyeri, alikuwa pamoja nao. Usiku uo huo mfalme George VI, baba yake Elizabeth, alifariki usingizini huko Sandringham. Tangu hapo ikasimuliwa kwamba mwanamke kijana alipanda mti akiwa binti mfalme, akashuka akiwa malkia. Watu waliposikia habari hiyo walitoka pembe zote za dunia kuja kuutazama mti.

Lakini habari ya mahali pale haikuishia hapo. Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Msitu wa Nyandarua ulifanywa eneo lililokatazwa, ambamo mtu aliyeonekana aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Ndege ziliudondoshea mabomu. Kibanda cha wageni kikawa mahali pa askari kuchungulia msitu. Tarehe 27 Mei 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakakitia moto kikateketea. Mwaka 1957 ilijengwa nyumba nyingine, kubwa zaidi, upande wa pili wa bwawa. Na mwaka uo huo, tarehe 18 Februari, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msitu ule, alinyongwa katika gereza la Kamiti.

Tazama, msomaji, jinsi tarehe hizi zilivyokaa bega kwa bega. Msitu ni mmoja, bwawa ni moja, na miaka ni michache. Lakini sehemu moja ya habari imechongwa katika vibao, na sehemu nyingine imeachiwa majani yaifunike.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Katika miaka yangu ya kwanza ya kufundisha, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu na cheti changu kingali kipya, niliongoza wanafunzi wa kidato cha pili kwenda Treetops. Shule yetu ni ya kutwa, na asubuhi isiyo na ukungu vilele vya Nyandarua huonekana kutoka kiwanja cha gwaride. Wazazi wetu ni wakulima wa chai na wachuuzi wa mboga, na mchango wa kila mtoto ulikuwa mzigo nyumbani kwao. Niliiandaa ziara ile kwa bidii kubwa. Nilihesabu mikate, chupa za maji na viti vya basi. Niliandika ratiba isiyoacha hata robo saa. Juu ya mahali penyewe niliwaambia wanafunzi sentensi mbili tu: kwamba kuna wanyama, na kwamba malkia alilala pale. Tukafika, tukapanda, tukaonyeshwa picha za ukutani, tukapiga picha zetu, tukaona nyati watatu wamelala matopeni, tukarudi tukiimba. Nilijiona mwalimu hodari.

Juma lililofuata niliwaandikisha insha. Msichana mmoja mwenye akili alichora juu ya insha yake kitanda chenye mashuka ya maua, na chini yake akaandika kwa hati nzuri kwamba hapo ndipo alipolala malkia. Nikaibandika ukutani. Siku ya wazazi alikuja nyanya yake, bibi kizee aliyetembea kwa mkongojo. Akaitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ni picha ya nini. Nikamweleza kwa furaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema kwa upole:

"Mwalimu, mgeni yule alilala usiku mmoja, nanyi mmemwandika. Kaka yangu alilala msitu uo huo miaka mitatu, wala hakurudi. Sijaona mtu aliyekuja kuniuliza alilala wapi."

Nikamwambia, "Nyanya, unisamehe. Sikujua."

"Hukuuliza," akanijibu.

Kisha akanieleza kwamba yeye mwenyewe, akiwa msichana wa miaka kumi na miwili, alibeba udongo kwa karai wakati kijiji chao kilipolazimishwa kuchimba handaki kati ya nyumba zao na msitu, ili wapiganaji wasipelekewe chakula. Alikuwa akichimba, kwa amri, handaki la kumtenga na kaka yake mwenyewe. Baada ya kusema hayo akaniaga kwa adabu, akaenda kumtafuta mjukuu wake. Neno lake moja lilibaki nami, nalo ndilo lililozaa insha hii.

Tuanze na ile habari isimuliwayo zaidi. Hata hiyo, ikichunguzwa, haijakaa sawa. Elizabeth aliposhuka mtini asubuhi ile hakujua lolote juu ya kifo cha baba yake. Mfalme alikuwa amefariki usingizini, wala hakuna ajuaye saa yenyewe. Habari ilimfikia binti yake baadaye siku ile, naye hakuwa tena Treetops; alikuwa katika nyumba ya Sagana, akaambiwa na mumewe. Mwanafunzi aliyekwenda na swali lake mfukoni angeuliza: "Alikuwa wapi alipopata habari?" Na baada ya kujibiwa Sagana, angeuliza tena: "Nyumba ya Sagana ilikuwa ya nani?" Angejibiwa kwamba ilikuwa zawadi ya arusi aliyopewa na serikali ya koloni, katika nchi ambayo maelfu ya wenyeji walikuwa hawana ardhi ya kulima, na kwamba mwaka 1963 ilirudi mikononi mwa serikali ya Kenya. Maswali mawili mafupi yangemtoa kijana kitandani mwa mgeni yakamfikisha kwenye Uhuru wake mwenyewe. Kitanda chenye mashuka ya maua kisingemfikisha popote.

Uliza pia juu ya mti. Kibanda kilijengwa juu ya mugumo, na kwa Wakikuyu mugumo haukuwa mti kama miti mingine. Chini ya migumo iliyochaguliwa wazee walitoa sadaka na kuomba mvua, nyuso zao zikielekea Kirinyaga, na aliyeukata mti wa namna hiyo alihesabiwa kuwa amekosa kosa kubwa. Sisemi kwamba kila mugumo ulikuwa madhabahu. Nasema kwamba mtoto wa Nyeri anayepelekwa kuutazama mugumo, akaambiwa tu kwamba ni mti uliobeba vyumba viwili vya wageni, ameambiwa jambo dogo kabisa kati ya yote yanayoweza kusemwa juu ya mti huo. Katika msitu uo huo wageni huonyeshwa mugumo mwingine uitwao posta ya Kimathi, ambao husimuliwa kwamba wapiganaji walifichiana barua ndani yake. Mti mmoja ulibeba wageni, na mwingine ulibeba barua za watu waliowindwa. Ni ziara gani iliyo kamili ikiutazama ule na kuupita huu?

Uliza tena juu ya neno hili, pori. Wageni waliambiwa kwamba wanaingia katika pori tupu ambalo halijaguswa na mkono wa mtu. Msitu ule haukuwa mtupu. Warina asali waliujua mti kwa mti. Waganga walichuma dawa humo. Wanawake waliokota kuni ukingoni mwake, na njia za watu zilivuka milima kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mwaka 1950 sehemu kubwa ya milima ile ilifanywa hifadhi ya taifa. Hifadhi ni jambo jema, nami nitalitetea mbele. Lakini upweke ambao wageni walikuja kuufurahia haukuwa umeumbwa na Mungu peke yake. Sehemu yake ilitengenezwa kwa sheria zilizowaondoa wenyeji.

Na kama una saa moja ya ziada ukiwa Nyeri, nenda makaburini. Pale amezikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941. Jiwe la kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya njia ambayo maskauti wote huijua, na maana yake ni kwamba, nimekwenda nyumbani. Karibu naye amezikwa Corbett, aliyefariki mwaka 1955. Makaburi hayo hutembelewa na wageni kutoka mbali, nami sioni vibaya, kwa maana marehemu ana haki ya heshima. Lakini Kimathi, aliyezaliwa Tetu katika wilaya iyo hiyo, alizikwa ndani ya gereza pasipo jiwe wala alama. Mjane wake, Mukami, aliomba kwa miaka mingi apewe mifupa ya mumewe aizike nyumbani. Alifariki mwezi wa Mei 2023 bila kuipata. Mgeni aliyekuja Nyeri kupumzika amekwenda nyumbani, na jiwe lake lasema hivyo. Mwana wa Nyeri hakuandikiwa kitu.

Najua kwamba wako watakaonipinga, na haki yao ni kusikilizwa.

Wa kwanza atasema: "Kwa kuwa mahali pale ni ukumbusho wa mabwana wa kikoloni, dawa ni kutokwenda kabisa. Tuache wenyewe waende." Rai hii ina hasira nzuri na shauri baya. Mwenye shamba hahami kwa sababu mwivi alilala katika mahindi yake. Msitu wa Nyandarua ni wetu, na habari zake zote ni zetu, zile tamu na zile chungu. Tukikataa kwenda, hatumwadhibu mtu yeyote ila watoto wetu, kwa maana habari itabaki kusimuliwa na waliochonga vibao, nao watasimulia walichokiona wao. Mtu aliyeitupa kalamu hana haki ya kulalamika juu ya kilichoandikwa.

Wa pili atasema: "Mwalimu, unawalemea watoto. Wametoka kwenye mitihani. Wanataka kumwona tembo na kucheka. Kwa nini uwapakie mauti na mahandaki?" Namjibu kwamba simnyimi mtoto tembo wake. Namtakia amwone vizuri zaidi. Aliyefundishwa kwamba maji ya Nairobi, yajayo kutoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, hutoka katika milima hii hii, huutazama ukungu wa asubuhi kwa macho mengine. Aliyeelezwa kwamba uzio wa umeme uliozunguka milima ulianza kujengwa mwaka 1989 ili kuwaokoa vifaru, ukaendelea ili kulinda msitu wote pamoja na mashamba ya majirani, na ukamalizika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa karibu kilomita 400, huuona uzio huo kuwa kazi ya watu wala si waya tu. Na aliyesikia habari za handaki atajiuliza mwenyewe tofauti iliyopo kati ya uzio uliokubaliwa na majirani na handaki lililochimbwa kwa mijeledi. Furaha na maarifa si mafahali wawili wasioweza kukaa zizi moja.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi. Atasema: "Usitoneshe madonda. Vita vile havikuwa vya Mwafrika na Mzungu peke yao. Ndugu aliinuka juu ya ndugu. Ukiwatuma watoto kuuliza, watarudi na majina yatakayowagombanisha na majirani." Ni kweli kwamba ndugu aliinuka juu ya ndugu. Tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji waliingia Lari usiku, wakaua wanawake na watoto wa watu wa kabila lao, na baadaye wengine wengi wakauawa kwa kisasi. Walikuwapo walinzi wa nyumbani waliowatesa jirani zao, na walikuwapo wapiganaji waliofanya vivyo hivyo. Kwa hiyo simshauri mwalimu aibomoe sanamu ya malkia ili asimamishe nyingine mahali pake. Namshauri afundishe yote. Lakini tusitumie Lari kuwa pazia la kufunika mengine. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama katika miaka ile ya hali ya hatari. Marufuku juu ya Mau Mau haikuondolewa mpaka mwaka 2003, miaka arobaini baada ya Uhuru. Na mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri bungeni mwao kwamba Wakenya waliteswa, ikaeleza masikitiko yake, na ikakubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000. Ikiwa Waingereza wameweza kulisema jambo hili katika bunge lao, mwalimu wa Kenya anaogopa nini kulisema katika darasa lake? Donda lisilooshwa haliponi kwa kufunikwa, huoza.

Sasa utaniuliza: "Basi, ziara nzuri hupangwaje?" Nitakueleza nilivyojifunza, maana kukosoa bila kuelekeza ni nusu ya kazi.

Anza na mambo madogo, kwa sababu yakiharibika makubwa hayafikiwi. Usiende kwa kudhani. Janga la korona lilipokatiza safari za wageni, milango ya Treetops nayo ilifungwa. Kwa hiyo uliza kwanza kama pako wazi, na kama pamefungwa, uliza sehemu gani ya hifadhi na ya mji wa Nyeri unaweza kuitembelea. Mwalimu mkuu na aliandikie mapema Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini kuomba ruhusa na nafuu ya wanafunzi. Epuka miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, kwa maana njia za msituni huteleza, na basi likizama matopeni siku imekwisha. Mahali pale pako karibu mita 2,000 juu ya bahari. Asiye na sweta atakumbuka baridi na kusahau mengine yote. Tangu Juni 2020 vitu vya plastiki vya kutumiwa mara moja vimekatazwa katika hifadhi zetu; bebeni maji katika vyombo vinavyorudi nyumbani. Nyani asilishwe. Mtu asishuke garini pasipo ruhusa. Hayo yatosha, na mwalimu yeyote makini atayatimiza kwa juma moja.

Kazi yenyewe yataka majuma sita. Katika juma la kwanza, kila mwanafunzi na achore ramani yake, akitia juu ya karatasi moja Outspan, Treetops, Sagana, Tetu na Kamiti, na kando ya kila jina aandike tarehe yake. Utashangaa jinsi ramani hiyo itakavyoanza kusema. Katika majuma yanayofuata, kila mmoja na aende kwa mzee mmoja wa kwao au wa jirani, akae chini, aulize, anyamaze, aandike. Asiende na karatasi ya maswali hamsini kama karani wa kodi. Maswali matatu yatosha: Ulikuwa wapi miaka ile? Nani wa nyumba yako hakurudi? Jina lake nani? Kisha wanafunzi wasomeane walichopata, hata kama maneno ya mzee wa huyu yanapingana na ya mzee wa yule. Hapo ndipo watakapoanza kuelewa kwamba historia ni kesi yenye mashahidi wengi.

Siku ya safari ikifika, shika desturi moja ya wenye kibanda cha kale, kwa maana ilikuwa desturi njema, na jema halikataliwi kwa sababu ya aliyelitenda. Kaeni kimya. Mkifika bwawani, nusu saa isiyo na neno, isiyo na simu, isiyo na wimbo. Msitu hausemi na wapigao kelele. Walioketi juu ya mti walijifunza kunyamaza ili wamwone tembo. Waliojificha chini ya miti walinyamaza ili wasionekane na ndege za vita. Kijana aliyenyamaza pale nusu saa akiyafikiri makundi hayo mawili amepata somo ambalo mimi siwezi kumpa kwa chaki.

Na mkirudi, usiwaulize waliona nini. Waulize ni jina la nani ambalo hawakulikuta ukutani.

Kuna shule, nami nazijua, ambazo haziwezi kukodi basi. Zisilie. Katika sehemu nyingi za nchi ya Kati vijiji vya hali ya hatari ndivyo masoko na makao ya leo, na watoto hupita kila siku juu ya mahandaki yaliyofukiwa. Ziara ya huko haina kiingilio.

Nilikwenda Treetops mara ya pili, miaka michache baada ya ile ya kwanza, na darasa jingine lililojiandaa kwa namna niliyoieleza. Tulipokuwa tukisimuliwa habari za moto wa mwaka 1954, mvulana mmoja aliinua mkono akauliza: "Waliouwasha waliitwa nani?" Kiongozi wetu alinyamaza, akacheka kidogo, kisha akasema kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuulizwa swali hilo. Halafu akaacha maneno aliyozoea kuyasema, akaanza kutusimulia habari za babu yake mwenyewe. Tulichelewa chakula, wala hakuna aliyelalamika.

Lakini, msomaji, sikukuandikia ili nijisifu kwa ziara ya pili. Nilipokuwa nikiiandaa nilikumbuka yule bibi kizee wa siku ya wazazi. Nikachukua daftari, nikaenda kwao siku ya Jumamosi kumwuliza habari za kaka yake. Nilikuta mji umetulia na udongo wa kaburi ungali mbichi. Alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla. Mjukuu wake, yule aliyechora kitanda, alinikaribisha chai. Nikamwuliza jina la kaka wa nyanya yake. Alijua kwamba alikuwapo, jina hakulijua. Mama yake naye hakulijua. Siku ile kizee aliposimama mbele ya ukuta wangu, jina lilikuwa mdomoni mwake, nami sikumwuliza. Nilimwambia sikujua, nikaona yatosha.

Mtoto wa miaka kumi na miwili katika mwaka 1954 leo amepita miaka themanini. Mashahidi wanaondoka kila juma, wala hawaondoki na vibao. Jina la mgeni wa usiku mmoja liko salama. Limeandikwa ukutani, vitabuni na katika fedha za nchi nyingi, na halihitaji msaada wangu wala wako. Wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa hiyo, ukisikia kwamba shule yako inapanga kwenda msituni, usiulize kwanza bei ya basi. Mtafute mzee mmoja leo hii, kabla ya jua kuchwa, umwulize jina la yule ambaye hakurudi. Liandike. Kisha ndipo ukate tikiti.